Mimi Ndimi Ardhi Tupu ya Ukurasa wa Kumi na Saba

Ndugu Mkurugenzi wa Ofisi ya Wawekezaji,

Salamu nyingi kwako na kwa wa nyumbani. Mgongo wako haujambo? Nauliza kwa sababu kwenye kitabu chenu, kile cha jiografia, uchumi na fursa za nchi yetu, umepigwa picha umeinamia ramani, nikakuonea huruma. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila kwa mujibu wa kitabu hicho sipo.

Mimi ni fundi cherehani, mjane. Jumanne walikuja wapimaji wawili, wakavuta futi kutoka mlangoni hadi jikoni, wakipitia juu ya cherehani yangu. Nikauliza kwa adabu kulikoni. Mkubwa wao akafungua ukurasa wa kumi na saba, akanionyesha: “Mama, hapa ni ardhi tupu, hakuna mtu. Imeandikwa.” Nikawapa chai. Wakanywa, wakashukuru, wakaandika hakuna mtu. Kitabu wakaniachia.

Nimekisoma chote. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mnasema nyuma ya nyumba yangu unapita mto usiokauka. Mto huo nausubiri mwaka wa kumi na tisa huu. Mkiuona, uambieni ndoo zipo.

2. Mnasema umeme ni wa uhakika. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na miguu yangu ni shahidi. Shemeji yangu anayefanya kazi posta anasema kitabu kinaeleza nchi tutakayokuwa kesho. Sawa. Hata kwenye ibada tunaelezwa pepo ilivyo, lakini hakuna aliyekuja na futi kunipimia chumba.

3. Ukurasa wa kumi na mbili nimo: nguvu kazi changamfu, isiyo na makuu. Wa kumi na saba simo. Katika kurasa tano nilikwenda wapi, na nani alinipa ruhusa?

4. Picha ya hiyo ardhi tupu inaonyesha kamba yangu, na gagulo langu limeanikwa. Ardhi tupu haifui, ndugu yangu.

Sasa, kama sipo nchini, basi niko nje. Na aliye nje akija na mtaji ni mwekezaji. Mtaji wangu ni cherehani moja na imani. Ukurasa wa thelathini unaahidi mwekezaji atapewa ardhi na kupokelewa uwanja wa ndege. Nipokeeni, mnipe ile ya ukurasa wa kumi na saba. Naifahamu vizuri, hata panapovuja.

Nisalimie mkeo, karani wako, na aliyepiga picha ya gagulo. Mungu awazidishie macho.

Wako mtiifu,
Fundi wa mlango wa bluu, asiyekuwepo.

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha wapimaji wamerudi. Wanataka sare za walinzi arobaini wa kulinda ardhi tupu asiingie mtu, na kazi wamenipa mimi, maana hapa karibu hakuna fundi mwingine. Basi kitabu msikisahihishe kwanza. Niacheni nisiwepo mpaka nimalize kola. Ila nitajie yupi atalinda mlango wangu, nimkatie suruali ya kubana asiweze kunikimbiza. Naomba unijibu mapema.