Pikipiki Iliyotunzwa Vizuri Kuliko Zote

Ninayo heshima kubwa kuutangazia umma kwamba pikipiki ya Idara yetu ya Afya ilitimiza miaka mitatu bila ajali, bila mkwaruzo na bila tope. Haikuwahi kupasuka tairi. Haikuwahi kumgonga hata kuku. Mafanikio haya hayakuja hivi hivi. Yaliletwa na Kamati ya Utunzaji wa Chombo cha Magurudumu Mawili, ambayo mimi ni katibu wake, mtunza kumbukumbu wake na, kwa kuwa wajumbe wengine wana shughuli nyingi, akidi yake.

Wapo wenye midomo wanaosema pikipiki haikupata ajali kwa sababu haikuwahi kutoka getini. Hao hawaelewi maana ya kinga.

Niliweke jambo hili sawa. Pikipiki ililetwa kwa ajili ya mkunga wetu, mama wa makamo, mfupi, mwenye mkoba mweusi na viatu vya raba vilivyolika kisigino. Wajawazito wake wengi wako ng'ambo ya mlima, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Mwaka mmoja alifika huko akakuta mtoto keshazaliwa sakafuni na mama yake keshapoteza damu nyingi. Yule mama aliponea chupuchupu. Mkunga akaandika barua makao makuu, na makao makuu, kwa haraka ambayo hadi leo tunaiona si ya kawaida, yakaleta pikipiki ndogo nyekundu yenye gia nne.

Mkurugenzi wetu ni mtu makini. Aliizunguka pikipiki mara mbili, akatamka kwamba chombo cha umma hakiwezi kukabidhiwa mtu asiyejua kukiendesha. Hoja nzito. Mimi nikateuliwa kuandaa mafunzo, nikaandika mwongozo wa kurasa sabini na nne bila kuinuka mezani. Sijawahi kuendesha pikipiki, jambo lililonisaidia kuandika bila upendeleo.

Hapo likazuka tatizo la kitaalamu. Mtu anayejifunza huchakaza chombo, na chombo kilichochakaa hakijatunzwa. Kamati ilikaa, yaani nilikaa, tukaamua mafunzo yafanyike juu ya kiti. Kiti cha mbao kikawekwa katikati ya ukumbi, mpini wa ufagio ukafungwa mbele yake kwa kamba, na mkunga akaanza masomo kila Jumatatu. Hatua ya Kwanza, Kukaa, ilichukua miezi saba. Hatua ya Pili, Kutazama Mbele, ilichukua mwaka na ushee kwa sababu mbele palikuwa na ukuta. Mwaka wa tatu alipanda Hatua ya Tatu, iitwayo Kukusudia Kuondoka.

Siku moja aliniuliza ataendesha lini hasa. Nikamwambia asiwe na papara. Akanitazama, akachukua mkoba wake akaondoka kwa miguu, maana kulikuwa na mtu anamsubiri ng'ambo.

Upande wa matengenezo tulikuwa mfano wa kuigwa. Oili ilibadilishwa kila mwezi, mara thelathini na sita. Ilitoka safi kama ilivyoingia. Fundi wetu, mzee mwenye mikono isiyotakata hata kwa sabuni ya unga, alidiriki kuuliza tunabadilisha nini. Nikamjibu kwamba ratiba ni ratiba. Plagi ilifunguliwa, ikafutwa, ikarudishwa. Cheni ililainishwa. Mita ilisoma kilomita nne, zote za kusukumwa kwenda kuoshwa. Tenki liliachwa tupu kwa mujibu wa kifungu cha kumi na moja, kinachozuia chombo kuzurura.

Lakini fundi alikuwa na kichwa kigumu. Nyuma ya stoo ana pikipiki yake kuukuu, tandiko limeshonwa kwa uzi wa viatu, na huko, saa za chakula cha mchana, alikuwa akimfundisha mkunga bila kiti. Nilijibanza ukutani nikasikia kwa masikio yangu. "Klachi usiiachie ghafla, mama," alikuwa akisema. "Iachie unavyomlaza mtoto aliyekwisha kusinzia." Mkunga akacheka, injini ikaitika, nikaona vumbi tu. Nilimwandikia fundi barua ya onyo kwa kosa la kufundisha kwa vitendo. Aliitumia kufutia plagi.

Miezi miwili iliyopita makao makuu yakatutunuku Ngao ya Chombo Kilichotunzwa Vizuri Kuliko Vyote. Ua ukafagiwa, viti vikapangwa, mgeni rasmi kutoka makao makuu akafika. Alikuwa mama mtu mzima, mpole, mwenye miwani. Mkurugenzi alivaa joho na ngao shingoni, akapandishwa juu ya pikipiki ili apigwe picha. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kupenda shughuli ifane, nilikuwa nimemwagiza fundi atie petroli lita mbili, injini ingurume kidogo kwa heshima. Nakiri kosa hilo. Balaa lote lilitoka kwenye zile lita mbili.

Mpiga picha alikuwa anahesabu tatu alipoingia mwanaume anahema, suruali imelowa umande hadi magotini. Alikuwa amekimbia mlima mzima. Mkewe ana uchungu tangu alfajiri, alisema, na sasa ameanza kutoka damu. Nilimwonyesha kiti cha wageni wasioalikwa. Mkunga yeye alikuwa keshachukua mkoba, anaielekea pikipiki.

"Mheshimiwa, naomba ushuke."

Mkurugenzi hakugeuza shingo, asije akaharibu picha. "Andika barua, mama. Tutaijadili."

"Basi sogea nyuma."

Sijui kwa nini alisogea. Nadhani ni ile sauti. Ndiyo anayoitumia kuwaambia kina mama wasukume, na haijawahi kukataliwa. Mkunga akapanda mbele, akapiga kiki mara moja, injini ikawaka. Nilikimbia mbele nikiwa na mwongozo mkononi, nikamkumbusha kwamba yeye bado yuko Hatua ya Tatu, Kukusudia Kuondoka.

"Nimeshakusudia, Katibu," akasema, akaachia klachi taratibu.

Wakatoka getini, Mkurugenzi amemkumbatia mkunga kiunoni kwa mikono miwili, joho linapepea, ngao inampiga kidevuni. Mgeni rasmi alipiga makofi. Alidhani ni sehemu ya ratiba. Sikumsahihisha.

Saa moja na nusu baadaye tulisikia injini. Mkunga aliingia polepole, amempakia mama aliyefungwa kwake kwa kanga mbili, na kati yao kitu kidogo kinacholia kwa hasira. Wote walikuwa hai. Walipokelewa, damu ikadhibitiwa, mtoto akapimwa, kilo tatu na robo. Fundi alilia mbele za watu wala hakujali. Nami nilifurahi, ingawa halikuwa kwenye ajenda.

Mgeni rasmi akavua miwani, akauliza Mkurugenzi yuko wapi.

"Nyuma panakaa mmoja," mkunga akajibu huku ananawa mikono. "Anakuja. Njia ni moja tu, hawezi kupotea."

Njia ya saa mbili Mkurugenzi aliitembea kwa saa sita. Alifika jioni, viatu mkononi, joho limejaa miiba, ngao bado shingoni. Watu wote tulisimama. Alinywa maji vikombe vitatu, akatoa taarifa yake ya kwanza kuhusu eneo analoliongoza kwa miaka tisa. "Mlima ule una mawe," alisema.

Mgeni rasmi alikuwa bado yupo. Alikuwa ameshinda mchana kutwa akisoma mwongozo wangu, kurasa zote sabini na nne, na nilisubiri pongezi. Alinyoosha mkono akaivua ngao shingoni mwa Mkurugenzi, akaagiza funguo za pikipiki zikae kwa mkunga, na fundi awe mkufunzi. Kisha akaagiza kwamba, kwa kuwa Idara inapenda sana kumbukumbu, viongozi wake wazipeleke taarifa zake ng'ambo wenyewe, kila wiki. Mkurugenzi, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba, alinikabidhi mimi jukumu hilo kabla mama yule hajamaliza sentensi.

Baada ya safari mbili niliomba rasmi kufundishwa pikipiki. Mkunga aliisoma barua yangu yote, hata viambatisho. Kisha akakiburuta kile kiti hadi katikati ya ukumbi, akaufunga mpini wa ufagio kwa mikono yake mwenyewe, akakaza kamba.

"Hatua ya Kwanza, Katibu," akasema. "Kaa."

Huu ni mwezi wa pili. Jana niliuliza nitaendesha lini hasa. Nimeambiwa nisiwe na papara.