Fimbo ya Pool ya Elfu Ishirini na Nane

Leo sura yangu nimeiacha Bangwe, juu ya meza ya pool. Atakayeiona aniletee, kesho naihitaji niende nayo Kibirizi kuanika dagaa.

Naandika mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa Bangwe. Wale wataongeza chumvi, na kisa hiki hakihitaji. Kimekolea.

Wengi mnanijua kama Mama Nuru wa dagaa. Wachache mnajua kwamba nacheza pool pia. Nilijifunza nikiwa kidato cha tatu kwenye ukumbi wa mjomba wangu, nilikokuwa naenda eti kufagia. (Nilifagia kweli. Halafu nikacheza. Mjomba alijua.) Nikaolewa, nikazaa, Nuru sasa ana mwaka na miezi miwili, na mkono wangu bado upo.

Jumamosi ijayo timu yetu inapanda treni kwenda Tabora kushindana na wenzetu wa huko. Ilibaki nafasi moja ya mwanamke. Moja tu! Wa kuigombea tulikuwa wawili, mimi na Zaituni, yule msusi wa Mwanga. Tukaambiwa tucheze mchezo mmoja, leo saa tisa alasiri, atakayeshinda anakwenda. Jamani, tangu nimejifungua sijalala nje ya Kigoma hata siku moja, wala sijafanya jambo ambalo ni langu peke yangu. Niliitaka ile treni mpaka naota honi yake.

Tatizo likawa fimbo. Ukumbi wa Bangwe una fimbo nne. Moja imepinda kama ndizi. Moja haina ngozi mbele, pale panapogonga mpira. Moja imeungwa katikati kwa mpira wa baiskeli. Ya nne ndiyo nzima, na anayewahi kuikamata ndiye anayeshinda. Zaituni huwahi. (Hana mtoto wa kunyonyesha.)

Kwa hiyo leo saa mbili asubuhi nilikuwa Ujiji kwa Mzee Ramazani, Nuru mgongoni. Huyu mzee ni fundi wa meza za pool. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo miaka hiyo, yeye kazaliwa hapa hapa. Ukumbi wowote ukifungwa anaitwa, ananunua vilivyobaki, anavitengeneza, anauza. Mimi mkononi nina elfu ishirini na nane. Dukani fimbo mpya inaanzia elfu tisini, na hiyo ni bei ya watu wenye mshahara.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Umekuja kununua au kuuliza?"

"Kununua. Ila pesa yangu ndogo, usinicheke."

"Basi tutatumia macho. Kaa."

Akanitolea tatu. Mimi mkono ukaenda moja kwa moja kwenye ile iliyochorwa joka la dhahabu, na ina vyuma vinavyong'aa. Mzee aliichukua akaibiringisha mezani, akaniambia niangalie ncha. Ncha inapanda, inashuka, inapanda, inashuka, kama mjusi ukutani.

"Unaiona? Hiyo inatikisa kichwa, inakubali kila unachoiambia," akasema. "Ya joka ni ya kupigia picha."

Akabiringisha nyingine, ya rangi ya kahawa, haina pambo hata moja, imechubuka kitako. Ikaenda kimya mpaka mwisho wa meza. Akanifundisha kuitazama kwa jicho moja kuanzia kitakoni, kama fundi anayekagua boriti. Akanifundisha kuilaza juu ya vidole viwili nijue uzito wake umekaa wapi. Akaigonga chini taratibu nisikilize kama ina ufa ndani. Saa nzima! Kwa mteja wa elfu ishirini na nane! Kisha akang'oa ngozi kuukuu, akabandika mpya, akaipitisha msasa. Bei yake ilikuwa thelathini na tano. Aliitazama pesa yangu, akamtazama Nuru aliyelala mgongoni, akapokea. Halafu akanirudishia elfu moja ya bodaboda.

"Sasa mama, hii usiipake kitu. Kitambaa kikavu, basi. Mchana nakuja kukuona unavyocheza."

"Nimeelewa mzee."

Sikuelewa.

Kwetu sisi, chochote cha mti kikiingia nyumbani kipya, kinapakwa mawese kinaanikwa juani. Mpini wa jembe. Mwiko. Kasia. Mama yangu kafanya hivyo, bibi yangu kafanya hivyo, na mti mkavu usipopewa mafuta unapasuka, hilo hata Nuru anajua. Mzee aliposema nisipake kitu, mimi kichwani nikaweka vanishi, nikaweka rangi. Mawese hayakuingia kwenye hesabu. Kwangu kupaka mti mawese ni kama kumnawisha mtoto uso, hukai ukajiuliza.

Saa nne niko Kibirizi na chupa yangu. Nikaanza kitakoni, nikapandisha, nikasugua kwa upendo. (Upendo!) Kufika juu nikaiona ile ngozi mpya, imekauka, nikaihurumia. Nikaichovya.

Rudieni kusoma hapo. Nikaichovya.

Baba Nuru alikuwa amekuja kunywa chai. Yeye pool haijui, anajua mitumbwi na mashine zake.

"Mama Nuru, hiyo mawese ya nini?"

"Ya kuilainisha."

"Kwani fimbo ya pool inalainishwa?"

"Wewe unacheza pool?"

"Hapana."

"Basi kunywa chai."

Akanywa chai. (Mwanaume huyu angekuwa mbishi kidogo tu, leo ningekuwa mtu mbele ya watu.)

Nikailaza kwenye kichanja pembeni ya dagaa, jua likaipiga mpaka saa saba na nusu. Nikaipangusa kwa khanga. Inang'aa! Nikaona ya joka haifui dafu.

Saa tisa Bangwe pamejaa. Mzee Ramazani kakaa mbele kabisa kwenye kiti cha plastiki, kavaa kanzu safi, anamwambia kila anayeingia, "Fimbo ya yule mama nimemchagulia mimi." Alikuwa na furaha kama mtu aliyealikwa harusini. Baba Nuru kasimama nyuma na mtoto. Kepteni wa timu, ambaye ndiye anayeandika majina ya safari, katoa daftari lake.

Zaituni akanisogelea kunipa mkono, akanusa.

"Wifi, umepitia sokoni?"

"Nimepitia kwa fundi," nikamjibu, kidevu juu.

Nikapaka chaki. Sasa sikilizeni. Chaki ya bluu ikikutana na mawese inakuwa tope, rangi yake kama uchafu wa bata. Niliona. Nikajiambia itakauka.

Pigo la kwanza, mpira mweupe ukaenda pembeni kabisa kama umeitwa na mtu. La pili, fimbo ikanichomoka mkononi kama samaki mgebuka aliye hai. Kwenye kitambaa cha kijani vidole vyangu vitano vimechapwa rangi ya chungwa, vimekaa vizuri kama vya kura.

"Kepteni, mpira una mafuta huu!" Zaituni akapiga kelele.

"Cheza, acha sababu," nikamwambia. (Mimi huyo!)

Na Mungu alivyo mkubwa, Zaituni naye aliingiwa na woga, akawa anakosa. Mimi nikazamisha moja, nikabahatisha nyingine, mpaka sote wawili tukabaki na mpira mweusi peke yake. Mweusi umekaa mdomoni mwa shimo. Shibiri moja! Nuru angeuzamisha kwa chuchu ya chupa. Nikaiona Tabora. Nikajiona dirishani.

Nikapiga. Tii! Ngozi ikateleza juu ya mpira mweupe, mweupe ukaruka nje ya meza, ukapita chini ya viti vya watu, ukaenda ukasimama kwenye ndala za Mzee Ramazani.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka bila ruhusa yangu.

"Mzee, umeniuzia gogo! Umeona mwanamke hajui kitu, ukampakulia takataka! Mwizi mkubwa wewe, na mvi zote hizo kichwani!"

Watu wawili watatu wakatoka nje, wanatikisa vichwa.

Mzee akainama, akaokota mpira. Akavisugua vidole vyake, akavinusa. Akainuka, akaja taratibu, akaninyooshea mkono.

"Nipe."

Nikampa. Akainusa fimbo kutoka kitakoni mpaka nchani, hana haraka.

"Mama, hii umeipika?"

Watu wakaanza kucheka.

"Umeipaka nini?"

"Mawese."

"Wapi?"

"Kote."

"Na ngozi?"

Nilikuwa tayari kukaa kimya mpaka Idi. Lakini Baba Nuru, siku moja ya maisha yake aliyotakiwa kufunga mdomo, akajibu kutoka nyuma:

"Ngozi aliichovya."

Jamani! Ukumbi ulipasuka. Mmoja akapiga kelele, "Leteni ugali!" Kepteni akakaa chini sakafuni na daftari lake. Zaituni, nisimwonee, alijitahidi. Alibana, alibana, kicheko kikamtokea puani.

Asiyecheka alikuwa mzee peke yake, na hapo ndipo nilipokwisha. Alitoa kitambaa mfukoni, akaipangusa fimbo yote, akailaza mezani, akaibiringisha. Ikaenda kimya mpaka mwisho.

"Imenyooka," akasema. Hakuniambia mimi, aliwaambia watu. Akairudisha tena. "Mnaiona? Imenyooka."

Mtu mzima, na kanzu yake safi, anawathibitishia majirani zake kwamba hakuniibia. Kwa sababu ya chupa yangu ya mawese.

Zaituni akazamisha mweusi kwa pigo moja. Kepteni akaandika jina. Nilimpa Zaituni mkono wa hongera, wake ukabaki na rangi ya chungwa, akaufutia kwenye suruali.

Nilitaka kuomba msamaha pale pale, naapa. Mdomo ule uliokuwa mpana dakika mbili kabla, ukatoa neno moja tu: "Mzee..." Likaishia hapo.

"Ngozi hii imeshakufa," akasema, fimbo kaishika kwapani. "Nitaweka nyingine. Pitia Jumatatu."

"Shilingi ngapi, mzee?"

"Pitia tu."

Akatoka. Angenitukana ningelala usingizi. Angenitukana mimi, mama yangu na chupa ya mawese, ningemshukuru.

Sasa niko nyumbani. Baba Nuru kageukia ukutani anajifanya anatafuta shati, mabega yanamcheza. Treni nitaililia kidogo, halafu itapita, Tabora haihami. Kinachonikaba ni wale wawili watatu waliotoka nje. Walisikia mwizi, hawakusikia mawese. Huko walikokwenda sijui wamelifikisha wapi lile neno. Kama wewe ni mmoja wao na unasoma hapa: mzee hana kosa. Aliniuzia fimbo nzuri kwa bei ya huruma, na fimbo imenyooka. Mjinga ni mimi, mwambie na mwenzako.

Na nyie wengine, vicheko vyenu vimalizeni leo leo na kesho. Jumatatu nikipita Ujiji kwenda kumwangukia yule mzee, nataka njia iwe kimya.