Plagi Nne za Mzee Luhende

Arcade alikuwa fundi wa magari zaidi kwa mdomo kuliko kwa spana. Asubuhi hiyo, akikatiza mtaa wa Nsemulwa, akaiona Subaru ya turbo imefunguliwa boneti uani kwa mzee Luhende, naye mate yakamjaa. Anselmo, muuza vipuri, alishamwahidi pikipiki nzima kwa plagi nne tu za gari la aina hiyo, mradi ziwe orijino.

"Shikamoo mzee wangu. Hiyo gari inakohoa."

"Marahaba. Mbona imezimwa?"

"Ndiyo hatari yenyewe! Ikikohoa mpaka imezimwa, ujue plagi zimekwisha."

Luhende, aliyeuza ng'ombe thelathini kununua gari hilo, akashtuka vizuri kabisa, kama inavyompasa mtu anayetaka kuibiwa. Akaleta kigoda na togwa. Arcade akatoa betri na boksi la chujio, akapenyeza spana ubavuni, maana injini ile imelala na plagi zake zimejificha pembeni. Plagi nzima zikaingia mfukoni. Mahali pake akafunga nne za kuokota, alizozisugua kwa msasa hadi zikang'aa.

"Mpya kabisa, mzee. Nipe majogoo wawili tu."

"Sisi ng'ombe hatumlipii kabla hajatembea. Panda na sanduku lako la spana, twende mpaka kijiji cha Sitalike."

Gari likafika Sitalike, likapita, likaingia hifadhi ya wanyama. Penye kilima likapiga chafya mbili, likazima. Mbung'o wakawapokea. Kichakani kitu kizito kikakoroma.

"Tungoje," Luhende akasema kwa upole. "Watu wa hifadhi hupita. Labda kesho."

Arcade aliipenda sana ile pikipiki, lakini miguu yake aliipenda zaidi. "Nimekumbuka, mzee! Nina za akiba!"

Mkoa mzima wa Katavi haujapata kuona plagi zikibadilishwa haraka namna ile, injini ikiwa ya moto na vidole vikiungua, huku Luhende amesimama juu yake akitazama. Gari likanguruma. Walipofika tena Sitalike, mzee akaegesha.

"Fundi, hizo za akiba nimeona zina mikato miwili pembeni."

"Labda... kiwandani, mzee."

"Ndiyo alama ya masikio ya ng'ombe wangu. Plagi hizo nilizipiga alama mwenyewe siku niliyozinunua."

Arcade akapapasa kitasa cha mlango.

"Na kwetu mwizi wa ng'ombe hulipa." Luhende akalivuta sanduku la spana magotini pake. "Humu kuna tupa?"

"Ipo, mzee."

"Nipe."

Mzee akaanza kulikata sanduku pembeni, mkato wa kwanza wa alama yake, taratibu. Likawa linateleza, ikabidi Arcade amshikie.