Shakwe Kumi na Mmoja Wasiobanduka

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Siku kumi zimebaki. Tarehe 14 Mkurugenzi wa hifadhi yetu ya ndege atachagua mkuu wa kisiwa: mimi au Mama Pete. Atakayekosa, mkataba wake unaishia hapo. Jina la Mama Pete nimempa mimi, kwa kuwa kila ndege anayemkamata humvisha pete ya namba mguuni. Miaka sita sasa anavuka maji kila asubuhi kwenda visiwa vya mbali. Mimi nina darubini na dirisha zuri. Kila mtu na kipawa chake.

Kisiwa tunachogombania hakina shakwe hata mmoja tangu panya walipomaliza mayai. Panya tuliwatokomeza mwaka jana, ila shakwe hawana habari, na hawatagi pasipo wenzao. Basi nimempigia shemeji, kaka wa mke wangu, seremala. Nimemwagiza shakwe ishirini wa mbao, wapakwe rangi, wakae kama wanaoatamia. Wenye uhai wakiwaona watashuka. Mkurugenzi amesifu mpango. Mama Pete ameuliza nani atavuka kuhesabu. Nimejibu kwamba kuvuka kunawasumbua ndege. Ukweli ni kwamba boti ikiondoka tu gatini, mimi natapika.

Ijumaa, tarehe 8 Mei

Nahodha wa boti yetu alizichukua sanamu kwa shemeji jana, akavuka nazo na kuzipanga mwenyewe mchangani, mahali ninapopaona kutoka ofisini. Leo saa nne nikahesabu. Thelathini na moja. Nikafuta lenzi. Thelathini na moja. Toa ishirini za mbao. Shakwe kumi na mmoja, siku ya kwanza tu! Ripoti ilimfikia Mkurugenzi kabla ya chakula cha mchana. Mama Pete alinipa hongera kwa uso wa mtu aliyelamba ndimu.

Nyumbani mke wangu ameuliza kama nimemshukuru kaka yake. Nimesema nitampigia. Mtu mwenye shakwe kumi na mmoja hana nafasi ya simu.

Jumanne, tarehe 12 Mei

Mvua kubwa tangu jana. Ndege wangu hawakubanduka. Upepo ukageuka, wao hawakugeuka.

Mama Pete alikuja na daftari lake, akauliza shakwe wangu wameelekea wapi. Mashariki, nikasema. Na jana, upepo ulipovuma kutoka magharibi? Mashariki. Akafunga daftari, akasema shakwe aliyeketi huelekea upepo unakotoka, la sivyo manyoya yatamfumuka. Wivu huo. Nimeandika kurasa nne juu ya tabia hii mpya, nikapendekeza iitwe kwa jina langu. Mkurugenzi amezisoma zote. Amesema Alhamisi tuvuke sote akajionee.

Alhamisi, tarehe 14 Mei

Nilitapika mara tatu. Tulipofika, Mkurugenzi alinyata asiwashtue ndege. Akamfikia wa kwanza, akachuchumaa, akamgonga kichwani kwa kidole. Ko, ko. Akaenda kwa wa pili. Wote thelathini na mmoja walikuwa mbao tupu.

Nikampigia shemeji pale pale. Alisema mbao zilibaki, akaona bora aongeze kumi na mmoja wa zawadi. Alisema pia kwamba wiki nzima amengoja nimwambie asante.

Nilikuwa natafuta la kumwambia Mkurugenzi, Mama Pete akatuita kwa sauti ya chini. Nyuma ya jiwe kubwa, upande ambao dirisha langu haliufikii, shakwe wawili wa kweli. Na yai moja. Mkurugenzi alivua kofia. Mama Pete akamwambia wamevutwa na sanamu, na wazo la sanamu lilikuwa langu. Hakuna aliyemlazimisha kusema hivyo. Niliona haya kwelikweli.

Yeye ndiye mkuu wa kisiwa. Ameomba nibakizwe niwe msaidizi wake, na Mkurugenzi amekubali kwa shida. Sharti ni moja: nivuke kila siku, nikae pembeni ya lile jiwe, ninapokiona kiota na dirisha linaniona, tangu asubuhi hadi jioni, niandike. Darubini na dirisha amechukua yeye.

Jumamosi, tarehe 16 Mei

Nimetapika kwenda, nimetapika kurudi. Kati ya hapo nimekaa kwa muda wa saa nane juu ya kiti cha turubai, na yule shakwe dume ameinyea kofia yangu mara mbili. Yai bado moja.

Nimejifunza mengi wiki hii, na nimeyatafakari vizuri. Mama Pete hunikagua kwa darubini saa nne na saa nane. Jioni nilimuuliza anaonaje kutoka kule dirishani. Akasema anaona koti, kofia na mtu aliyetulia, na kwamba amefurahi nimebadilika.

Nimempigia shemeji, nikamshukuru kwa moyo wote. Kisha nikamwagiza sanamu nyingine. Mtu, ameketi, kimo changu. Koti na kofia nitatoa mwenyewe. Nimemsisitizia asiongeze hata mmoja.