Manyoya ya Bata Ukweni

Leo nimeaibika mchana kweupe, tena ukweni kwa mwanangu. Nawaandikia nyinyi tuliosoma pamoja kabla habari haijawafikia kupitia kwa mdogo wangu Shija, maana yeye ataitia chumvi. (Haihitaji.)

Mnakumbuka wale watafiti wa madini waliopiga kambi Geita? Wamevunja kambi, wakauza vitu vyao. Mimi na Shija tukaenda. Tukakuta mifuko miwili ya kulalia, ile unayoingia mzima mzima na kufunga zipu hadi kidevuni. Mmoja umejazwa manyoya laini ya bata, mwepesi, ukiukunja unaingia kwapani. Mwingine umejazwa nyuzi za nailoni za kiwandani, mnene kama gunia.

"Kaka, wa nailoni ndio wa kwetu," Shija alisema. "Mvua ikija utanikumbuka."

"Lala wewe kwenye nailoni kama mkate," nikamjibu. "Mimi niliyesoma nitalala kwenye manyoya."

(Ndiyo, nilisema hivyo. Mbele za watu.)

Jana tukapanda lori kwenda Kishapu kumposea mwanangu Masanja. Mimi baba yake ndiye niliyepaswa kusema: kuutaja ukoo wetu, kumwomba binti, kupatana ng'ombe wa mahari. Siku hiyo nimeingoja tangu mtoto anazaliwa. Mfuko wangu niliufunga juu kabisa ya mizigo ili watu wauone. Mvua ikaunyeshea njia nzima. Wa Shija nao ulilowa, lakini tulipofika aliukamua, akaukung'uta, akaingia, akakoroma. Wangu ulikuwa mabonge matupu, unanuka banda la bata. Nililala juu ya ngozi ya ng'ombe, nimejifunika koti nililobeba kwa ajili ya posa.

Asubuhi jua likatoka. Nikautandaza mfuko juu ya ua wa miiba wa zizi. Sisi ni watu wa pamba. Godoro la pamba likilowa likafanya mabonge, unalianika, unalichapa fimbo mpaka lijae upya. Kila mtoto wa huku anajua. Nikakata fimbo. Nikachapa.

Kumbe kitambaa kilikuwa kimenasa kwenye miiba! Kikapasuka kutoka kichwani hadi miguuni. Na upepo wa Kishapu mnaujua.

Manyoya yakapanda juu, yakageuka, yakashuka uani walikoketi wazee. Yakatua kwenye vipara. Yakatua kwenye maziwa ya mgando tuliyowekewa wageni. Mama wa binti akatoka jikoni mbio.

"Nani anachinja kuku wangu?"

"Si kuku, mama," nikasema, fimbo mkononi, manyoya mdomoni. "Ni kitanda changu."

Akina mama wakaangua kicheko. Mmoja akakaa chini kabisa. Babu wa binti hakucheka. Huku kwetu kuku huchinjwa, mganga akasoma ishara matumboni mwake, kabla ya jambo kubwa kama hili. Sasa manyoya yanaruka na hakuna kuku aliyeguswa! Mzee akatoa unyoya kwenye bakuli lake, akaugeuza geuza.

"Ndege gani huyu?"

"Bata, mzee wangu. Wa Ulaya."

"Bata wa Ulaya anatafuta nini kwenye posa yetu?"

Nikapiga chafya. (Shule yote ile, na nilichotoa ni chafya.)

"Posa haivunjiki," mzee akasema. "Ila huyu asiseme. Ameshasema kwa fimbo. Aseme mdogo wake."

Nikamtazama Shija, nikimsihi kwa macho akatae. Akasogea karibu, akaninong'oneza: "Kaka, niazime koti."

Nikampa.

Nikakaa kando ya zizi kuokota manyoya, nikisikia sauti yake ikitaja baba zetu na babu zetu. Jina moja la babu alilikosea. Aliyejua ni mimi tu, na mimi nilikuwa nimekatazwa kusema. Wakapatana ng'ombe. Vigelegele vikapigwa. Masanja alipotoka uani alimshika mkono baba yake mdogo kwanza, ndipo akaja kwangu, akanitoa unyoya sikioni taratibu.

"Baba, yameisha," akasema.

Alivyosema kwa upole ndivyo ilivyouma.

Basi binti amekubaliwa, ng'ombe wamekubaliwa, hata mfuko wa nailoni umesifiwa. Aliyeachwa nje ni mimi na bata wangu. Mkiona lazima mcheke, ngojeni kwanza nimalize kupiga chafya.