Herufi Yenye Mkia

Jumatatu, 3 Machi
Leo ndiyo leo! Matroni wa hospitali anataka viatu vya wauguzi, jozi mia tatu. Ataagiza mtandaoni Ijumaa. Nikiikosa oda hii, duka nafunga. Ila kamuomba mke wangu anwani ya mtandaoni ya duka la kaka yake. Shemeji! Tunatazamana mlango kwa mlango. Tovuti yake eti viatuvyaboss. Boss gani anayetembea kama ana kokoto kiatuni?

Jumanne, 4
Akili ninazo! Nimesajili tovuti yangu, viatuvyaboß. Hiyo ya mwisho ni herufi ya kigeni, kama B iliyoota mkia, husomwa s mbili. Jina lake, duka langu! Nimejaribu kwenye simu mpya: viatu vyangu hivyo, vinameta. Mke kauliza kama nimepima kwenye mashine nyingine. Nimemwambia asinitie nuksi.

Jumatano, 5
Nimemtumia Matroni kiungo, yeye abonyeze tu. Kajibu ahsante sana. Nimefuta vumbi maboksi yote. Nimemcheka Shemeji dirishani mara tatu. Akanipungia mkono, maskini.

Ijumaa, 7
Gari la hospitali! Limekuja! Limeegesha... kwa Shemeji. Nimekimbilia kwa fundi kompyuta. Kasema kanuni za kubadili herufi za anwani za tovuti zilirekebishwa zamani. Mashine mpya zinaiacha ß kama ilivyo. Za zamani zinaigeuza kwanza kuwa ss, ndipo zinafungua tovuti. Na kompyuta ya Matroni haijaguswa tangu inunuliwe. Yaani mteja nimempeleka mwenyewe hadi mlangoni kwa Shemeji! Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimelia kidogo, stoo.

Jumapili, 9
Shemeji kaja na zawadi, jozi ya viatu vyeusi. Matroni kamwambia nani alimtumia kiungo. Kanikumbatia, kaniita ndugu wa kweli. Oda ni kubwa, kasema, nusu nitoe mimi. Duka limepona! Nimeona aibu, nikamuombea heri.

Alipotoka tu nikampigia fundi. Kumbe kuna herufi mpya kabisa, mashine za zamani haziijui hata kidogo! Haziwezi kuigeuza! Kwenye simu yangu inaonekana kiboksi kitupu. Mke kauliza wateja watakiandikaje kiboksi. Nuksi tena! Nimesajili tovuti yenye herufi hiyo, nikaagiza vipeperushi vyake elfu moja. Kesho nitavigawa hospitalini, nimevaa viatu vya Shemeji. Vimenikaa vizuri sana.