Akina Hadad wa Tororo na Dunia Nzima

Jumatatu, 3 Machi 2025

Aibu tupu. Jana Mzee Phanuel, babake Nanjala, alituita mimi na Griffins nyumbani kwake upande wa Kenya. Siku moja, saa moja, makochi mawili yakitazamana. Wote wawili tunamtaka Nanjala. Nanjala anamtaka mmoja tu, na huyo mmoja ni mimi. Kaniambia mwenyewe, tena bila kulazimishwa. Lakini mzee alikuwa mwalimu miaka thelathini. Hawezi kumwoza binti bila mtihani.

Swali lilikuwa moja: taja baba zako saba, ukirudi nyuma. Griffins akataja tisa. Tisa! Katikati alisimama akanywa maji, kwa madaha. Mimi nikasema Egau wa Olupot, Olupot wa Osinya, kisha nikapatwa na kikohozi. Baba alifariki nikiwa mdogo, nani angenifundisha? Mzee akasema kikohozi si babu. Akanipa mpaka Jumamosi. Asiyejua alikotoka, aliuliza, atampeleka binti yangu wapi?

Nimerudi upande wetu wa Busia kwa miguu nikiwaza. Hatimaye nikatoa kitambulisho changu. EGAU HADAD. Hadad! Hilo si jina la Kiteso. Hilo ni la Kiarabu. Miaka arobaini na moja nimelibeba mfukoni kama leso, kumbe ni hazina.

Jumanne, 4 Machi

Sikufungua kibanda. Viatu vya mitumba haviozi. Nilikwenda kwa Omaido, mwenye kompyuta na mashine ya kuchapa pale karibu na stendi, nikamwambia atafute jina langu duniani.

Limetoka! Hadad maana yake mhunzi. Wamejaa Lebanoni, Siria, Palestina, Yordani. Wako Aljeria na Tunisia. Wako Yemeni. Wengine walipanda meli wakaenda Brazil, Ajentina na Marekani. Na wengi wa Lebanoni ni Wakristo kama sisi! Niligonga meza. Omaido akaniomba nisigonge meza yenye kompyuta.

Kasoro moja: kwenye ramani, Uganda ilikuwa nyeupe. Wametusahau. Nilimwambia Omaido aichape kwa rangi, kisha nikatia nukta kwa kalamu mahali ilipo Tororo. Wino ukavuja. Sasa Tororo ni kubwa kuliko Lebanoni. Si mbaya.

Jumatano, 5 Machi

Mtafiti hatosheki na kompyuta. Nimekwenda kumwona shehe wa msikiti wa hapa, nikamkuta barazani. Nilimsalimu vizuri, nikamweleza shida yangu vizuri. Alinitazama sana mdomoni. Nilikuwa natafuna chapati. Mwezi wa Ramadhani, saa saba mchana! Nikaificha mfukoni. Shati limeingia mafuta.

Shehe ni mtu wa subira. Aliniambia kuwa jina la kazi halina baba mmoja. Kila mji ulikuwa na mhunzi wake, na kila mhunzi alizaa watoto wake. Kwa hiyo watu wawili kuitwa Hadad si ushahidi kwamba ni ndugu. Nilikuwa na daftari, lakini hayo sikuyaandika. Hayakunisaidia.

Nilimuuliza pia kuhusu Hadadi wa kwenye Biblia, Mwedomi, mzao wa mfalme. Akasema hilo ni jina jingine kabisa. Hayo nayo sikuyaandika. Mfalme ni mfalme.

Ijumaa, 7 Machi

Baba zangu saba wako tayari. Olupot na Osinya ni wa kweli, hao siwagusi. Baada yao: Hadad Mkubwa, Yusufu Hadad, Ibrahimu Hadad, Elia Hadad, na wa saba ni Hadad Mwenyewe, mhunzi wa panga za wafalme. Alitoka Lebanoni, akapita Aljeria, akaenda Brazil, akarudi, akashuka Tororo kwa treni. Safari ina mizunguko, lakini nimefuata ramani.

Nilimsomea Nanjala kwenye cherehani yake. Alikuwa anashona sare za kwaya. Hakuinua macho. Akasema, "Egau, mwambie baba ukweli. Mwambie hujui. Mimi siolewi na ramani."

Wanawake hawaelewi mambo ya nasaba. Nampenda lakini.

Jumamosi, 8 Machi

Andika, kalamu, usiache kitu.

Nilianza vizuri mno. Ramani niliibandika ukutani, juu ya kalenda ya kanisa. Nilitaja baba saba bila kukohoa. Nilipofika Brazil, Griffins alishusha kikombe. Nilimwona! Nikaeleza kwamba Hadad wote duniani ni damu moja, tulitawanyika tu. Nilisema kwa sauti, nikapiga kifua. Damu moja!

Mzee Phanuel akavua miwani. Akamtazama dada yake, Shangazi Nasirumbi. Shangazi akaanza kulia. Nikajua nimeshinda.

Kumbe! Baba yao, marehemu Mzee Oundo, alifanya kazi Uganda ujanani. Aliporudi kwao Samia watu walimwita Hadad. Mpaka anazikwa, wazee wa rika lake walimlilia kwa jina hilo: Hadad. Familia haikujua lilitoka wapi. Leo mimi nimewaletea jibu, lenye rangi.

Mzee alinikumbatia. Aliniita mwanangu. Nilifurahi kwa muda wa kumeza paja moja la kuku. Kisha Shangazi akafuta machozi na kusema kwa upole kabisa, "Basi huyu ni kaka yake Nanjala."

Kaka! Ukoo mmoja hauoani. Kwa Wasamia hauoani, kwetu Wateso hauoani, hata mlevi wa mwisho sokoni anajua. Nilijaribu kusema damu imetawanyika sana. Mzee akanionyesha ukutani akanikumbusha maneno yangu. Nikapewa firigisi, kipande cha mwanamume wa nyumba. Griffins akahamishiwa kochi langu, lile karibu na Nanjala. Nikatumwa maji.

Firigisi ilikuwa tamu. Ndiyo inayoniuma zaidi.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani kwa kina Mzee Phanuel nimesimamishwa mbele. Mwana aliyepotea amepatikana! Vigelegele. Nikapunga mkono, ningefanyaje?

Nanjala alinisalimia mlangoni. "Habari ya asubuhi, kaka." Sijawahi kusikia neno hilo likiwa na miba. Akaninong'oneza kwamba wazee wa Griffins wanakuja Jumamosi kuzungumza mahari, na kwamba kama hadi siku hiyo bado nitakuwa ndugu yake, basi nitakuwa ndugu yake maisha yote. Macho yalikuwa mekundu. Nimefanya mimi hayo. Najisikia mdogo kama njugu.

Halafu, pigo juu ya pigo: Mzee amenichagua niwe msemaji wa familia siku ya mahari. Ni kazi ya kaka.

Jumatatu, 10 Machi

Wazo! Msemaji si ndiye anayetaja vitu? Nimemtafuta Griffins dukani kwake, anauza matangi ya maji, nikamwambia kwa huzuni kubwa kwamba akina Hadad wana desturi yao. Ng'ombe pekee hawatoshi. Binti wa Hadad hatoki bila ngamia.

Ngamia, Busia! Nilijiuma ulimi nisicheke.

Griffins akafikiri kidogo. Akasema, "Hiyo si noma, buda. Niko na binamu Isiolo." Akapiga simu palepale. Waliongea dakika mbili. Ngamia anapakiwa lori keshokutwa.

Nimerudi kibandani nikauza jozi moja ya viatu, vyote viwili vya mguu wa kushoto. Mteja amevirudisha.

Jumatano, 12 Machi

Njia zimeisha. Nimekwenda kwa mama. Anaishi kijijini, mbele kidogo ya Tororo. Nilimkuta anachambua maharagwe. Nikamweleza yote: Lebanoni, Brazil, firigisi, ngamia. Alicheka mpaka akaweka ungo chini. Akacheka tena alipoona ramani. Mama ana miaka sabini na mitatu, nilianza kuogopa.

Akasema, "Wewe Egau, nani alikuambia sisi ni Waarabu? Babu yako alikuwa napima misumari tu, pale Nagongera."

Ndiyo hivyo. Zamani kulikuwa na Mwarabu mmoja Nagongera, karibu na reli, mwenye duka la majembe, misumari na mabati. Jina lake Hadad lilikuwa juu ya mlango. Siku zile mtu aliitwa kwa mlango anaofanyia kazi. Osinya wa Hadad. Mpishi wa Hadad. Hata punda aliitwa Hadad. Mwarabu akafunga duka akaondoka, jina likabaki na watu wake. Mwalimu akaliandika kwa baba yangu shuleni, na kutoka hapo likanifuata mimi mpaka kwenye kitambulisho.

Nikamuuliza kama alikuwapo mtu mwingine. Akasema alikuwapo Msamia kutoka ng'ambo, mbeba mabati, Oundo. Babu alikuwa anamtaja mpaka uzeeni. Walilala chumba kimoja cha stoo miaka mingi, mmoja Mteso, mmoja Msamia, wakila sahani moja. Damu hata tone moja hawakuchangia.

Niliruka! Kisha nikakaa, nikahuzunika. Panga za wafalme zimekwenda. Imebaki mizani ya misumari.

Mama akaona. Akaanza kutaja, mikono ikiendelea na maharagwe: Olupot, Osinya, Oriokot, Etyang, Emodo, Ikwaras, Okiru. Ukoo wa Ikatekok. Saba! Alifundishwa na mama mkwe wake mwaka alioolewa, amewatunza tangu hapo. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema sikuwahi kuuliza. Kila nikija nyumbani nauliza kama kuna chakula.

Nimekaa naye hadi maharagwe yakaisha. Nimechambua na mimi. Mengi niliyotupa yalikuwa mazuri, akayaokota.

Jumamosi, 15 Machi

Nimevuka mpaka na mama, amevaa gomesi yake ya Krismasi. Uani kwa Mzee Phanuel ngamia alikuwa amefika kabla yetu. Alikuwa anakula mboga za sukuma za Shangazi Nasirumbi, na Shangazi alikuwa anampiga na mwiko bila mafanikio. Wazee wa Griffins wamekaa safi, tai shingoni. Nanjala hakuwa amesuka nywele. Hakunitazama.

Nikasimama kama msemaji. Nilikuwa na hotuba. Ilikuwa na kurasa nne na ndani yake nilikuwa sina kosa. Mama akanivuta koti nikakaa, akasema yeye. Alisema kwa Kiswahili chake kifupi, bila kuzunguka Brazil. Duka, misumari, mabati, chumba cha stoo. "Hawa wazee hakuwa ndugu. Ilikuwa marafiki tu. Huyu mtoto yangu ni mwongo, lakini si mwongo mbaya."

Ngamia peke yake alitafuna.

Nilidhani Mzee Phanuel atanifukuza. Badala yake aliuliza, polepole, kama huyo Osinya alikuwa na kidole kilichokatika. Mama akasema ndiyo, cha mkono wa kulia, bati lilimkata. Mzee akainamisha kichwa. Kumbe babake alikuwa anasimulia, kila mvua ikipiga paa, juu ya Mteso aliyetanguliza mkono bati lilipoteleza, lisimwangukie yeye kichwani. Jina la mtu huyo hawakulishika. Sasa mzee alilia, mwalimu wa miaka thelathini, mbele ya wageni. Na mimi nikalia, sina haja ya kuficha, hili ni daftari langu. Nilizunguka dunia nzima kutafuta babu wa kujivunia, kumbe nilikuwa naye.

Kisha mtihani. Baba saba. Nilikwama kwa wa tano, mama akakohoa, nikakumbuka Emodo. Mzee alisikia kikohozi. Akanipa maksi.

Shangazi akatamka: damu hakuna, undugu hakuna, kuoana ruksa. Nanjala akaingia ndani mbio. Nikaogopa. Akatoka na kitana, akakaa mlangoni, akaanza kuchana nywele.

Griffins alinipa mkono. Alisema nimtunze vizuri. Hakutukana, hakununa. Ningependa angenuna kidogo. Ngamia akakataa kupanda lori, na mimi nikasukuma pamoja naye saa nzima, ameniumiza bega. Ngamia, si Griffins.

Mzee alinishika sikio kama mwanafunzi. Ombi lake ni moja: nyumbani kwake nisidanganye tena. Nimeapa. Nimeapa kwa Osinya, tena kwa moyo wote.

Jumapili, 16 Machi

Siku njema kupita zote. Nanjala ananiita Egau. Ramani tumeichana pamoja, tukawashia jiko la chai.

Baada ya ibada tulikwenda ofisini kuandikisha ndoa. Katibu wa kanisa, Bi Provia, ana fomu ndefu. Akauliza kazi ya babu. Nilikuwa nimefungua mdomo kusema mpima misumari. Kweli kabisa. Lakini fomu itabandikwa ubaoni, watu wote wasome, na duka lenyewe si lilikuwa karibu na reli? Karibu sana. Mlango na reli.

Nikasema Mkurugenzi wa Reli.

Nanjala aliachia mkono wangu. Mzee Phanuel, aliyekuwa nyuma yetu, akasogea akasoma fomu. Uso ukamng'aa, kama mwalimu aliyepata swali jipya la mtihani. Akasema maajabu hayaishi, kwani kaka mkubwa wa marehemu mke wake alikuwa karani wa reli miaka hiyohiyo, yu hai, ana kumbukumbu kali na sanduku zima la picha. Anamleta Jumamosi aje anisimulie juu ya babu yangu.

Nimemwambia hakuna shida, nami nitakuja na picha zangu. Kesho asubuhi naonana na Omaido na mashine yake ya kuchapa.